Ufuatiliaji wa Matumizi ya Umemejua Nyumbani

Ufuatiliaji wa matumizi ya umemejua nyumbani ni upimaji wa mara kwa mara wa umeme unaozalishwa na paneli, unaohifadhiwa katika betri na unaotumiwa na vyombo vya nyumba, nao hufanywa ili saa za matumizi zioanishwe na saa za jua. Katika Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya nchi hupokea kwa wastani nishati ya jua ya kilowati-saa 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku, nyumba yenye paneli mara nyingi hukosa umeme usiku si kwa uhaba wa jua, bali kwa kuwa umeme wa mchana ulikosa wa kuutumia. Jambo hilo halionekani kwa macho, kwa sababu paneli iliyozuiwa na kidhibiti chake betri inapojaa haina tofauti yoyote na paneli inayofanya kazi kwa nguvu zake zote, na ndiyo maana vipimo vinahitajika.

Vipimo viwili huchanganywa mno. Wati ni kipimo cha nguvu, yaani kasi ya umeme unaozalishwa au kutumika kwa wakati fulani, ilhali kilowati-saa ni kipimo cha nishati, yaani jumla ya umeme uliopita katika muda fulani, nayo ndiyo “uniti” inayonunuliwa kwa LUKU Tanzania Bara, kwa Yaka nchini Uganda na kwa tokeni nchini Kenya. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme mfululizo kwa saa nzima hula uniti moja, na taa ya LED ya wati 7 huhitaji takriban siku sita bila kuzimwa ili ifikie kiasi hicho. Namba iliyoandikwa mgongoni mwa paneli nayo yahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwani hupatikana maabara chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya bati la mchana seli hufika nyuzi 60 bila shida, na kwa kuwa seli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.35 ya nguvu zake kwa kila nyuzi inayozidi 25, joto peke yake hula takriban asilimia 12. Yakijumlishwa vumbi, nyaya na upotevu ndani ya vifaa, paneli za jumla ya wati 1,000 hutoa uniti 3.5 hadi 4 katika siku ambayo jua lake hulingana na saa tano za mwanga kamili, na si uniti 5 kama wauzaji wengine wanavyohesabu.

Ufuatiliaji wenyewe hufanyika mahali patatu. Kipimo cha kwanza hupatikana katika kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ambacho kwa kawaida huonyesha nguvu ya paneli kwa wakati huo na jumla ya uniti za siku. Cha pili huchukuliwa kwenye betri kwa kutumia shanti, yaani kipande cha metali chenye ukinzani mdogo unaojulikana barabara, kinachofungwa kwenye waya wa hasi ili kila ampea inayoingia na kutoka ihesabiwe. Cha tatu huchukuliwa upande wa vyombo kwa klampu, pete inayobana waya bila kuukata na kupima mkondo kwa njia ya usumaku wake. Klampu ina masharti yake, nayo ndiyo huwachanganya wengi: ni lazima ibane waya wa moto peke yake, kwa sababu ikibana na waya wa nyutro pamoja, mikondo miwili inayokwenda pande tofauti hufutana na kifaa husoma sifuri wakati pasi inawaka. Klampu za bei nafuu, ambazo hupima mkondo tu na kuuzidisha kwa volti 230, hulisingizia jokofu matumizi makubwa kuliko yaliyopo, kwani mota huvuta sehemu ya mkondo ambayo haigeuki kuwa kazi.

Usomaji wa kipimo cha kwanza ndio wenye mtego mkubwa, na vitabu vingi vya maelekezo ya vifaa hivi huupita haraka. Katika nyumba isiyounganishwa na gridi, kidhibiti chaji hakipimi jua lililopatikana, bali kiasi ambacho betri na vyombo vilikuwa tayari kupokea. Betri inapojaa, kidhibiti huzibana paneli ili isidhurike, na kuanzia hapo uzalishaji hushuka hadi kiwango cha kuendeshea vyombo vilivyowashwa tu. Umeme ambao ungeweza kuzalishwa alasiri nzima hauandikwi na mita yoyote, kwa kuwa haukuzaliwa. Mwenye nyumba anayelinganisha uniti zake na za jirani mwenye paneli kama zake anaweza kudhani kwamba ameuziwa paneli mbovu, kumbe jirani hutumia zaidi mchana. Kwa hiyo namba yenye manufaa kuliko zote si jumla ya uniti za siku bali ni saa ambayo betri hujaa: ikijaa saa tano asubuhi, kuna ziada nyingi inayopotea; ikijaa saa tisa au saa kumi alasiri, mfumo unalingana na mahitaji; na isipojaa kwa siku kadhaa za jua zinazofuatana, ama matumizi yamezidi au kuna kasoro.

Mfano wa kukadiria huonyesha uzito wa jambo hili. Nyumba yenye paneli za wati 1,000 na betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100, yaani uniti 2.56, huendesha usiku jokofu dogo linalokula uniti 0.4, televisheni ya wati 80 kwa saa nne, taa nane za wati 7 kwa saa tano, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, ambayo hujilia wati 40 hata isipoendesha chombo chochote. Jumla ya usiku wa saa 13 hukaribia uniti 1.5, na betri huamka ikiwa na asilimia 40 hivi. Kuijaza upya huhitaji uniti 1.6, na jokofu pamoja na inveta huchukua mchana takriban uniti 0.85. Iwapo paneli zina uwezo wa kutoa uniti 3.75 siku hiyo, basi uniti 1.3 hazina kazi. Pampu ya maji ya wati 750 ikiwashwa kwa saa moja baada ya saa sita mchana, kisha pasi kwa nusu saa, karibu ziada yote imetumika, na nyumba imepata maji tangini na nguo zilizonyooshwa bila kuongeza paneli wala betri. Kazi hizohizo zikifanywa saa mbili usiku zingeumaliza umeme wa betri kabla ya alfajiri. Sharti ni kwamba pampu na pasi zisiwashwe pamoja, na inveta iweze kustahimili mshtuko wa kuanza wa mota, ambao huwa mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida.

Mfano huo unafichua pia mlaji asiyetajwa. Wati 40 za inveta kwa saa 24 ni uniti 0.96, yaani robo ya mavuno ya siku, na hazionekani katika orodha ya vyombo ambayo fundi huiandika anapopiga hesabu ya mfumo. Wapo na walaji wadogo wengine, kama king'amuzi kilichoachwa katika hali ya kusubiri, ruta ya intaneti na chaja zilizosahauliwa ukutani. Njia rahisi ya kuwapata ni kusoma shanti usiku wa manane watu wakiwa wamelala na jokofu likiwa kimya, kwa kuwa kiasi kinachobaki wakati huo ndicho kinachovutwa siku nzima. Katika nyumba nyingi ni afadhali taa ziwekewe saketi ya umeme wa betri wa moja kwa moja, ili inveta izimwe usiku, ingawa nyumba yenye jokofu la kawaida haiwezi kufanya hivyo.

Mchoro wa uzalishaji wa siku, unaotolewa na programu za simu za vidhibiti na inveta za kisasa, humsaidia msomaji wake kutambua kasoro kwa umbo. Pengo linalorudi saa ileile kila siku ni kivuli cha mnazi, cha mnara au cha tangi la maji, nacho hudhuru kuliko ukubwa wake, kwa sababu seli za paneli hufungwa kwa mfululizo na seli moja iliyofunikwa huzuia mkondo wa kundi lake zima. Paneli ya kawaida ya seli 60 huwa na diodi tatu za kuruka, kila moja ikihudumia theluthi ya seli, hivyo jani moja linaweza kuondoa theluthi ya nguvu. Wingu huacha pengo lenye kingo zilizochanika na lisilo na saa maalumu. Vumbi la kiangazi hushusha mchoro wote kidogo kidogo kwa majuma, kisha mvua ya kwanza ya vuli huupandisha kwa siku moja. Betri iliyojaa huonekana kama mteremko wa ghafla katikati ya jua kali, na kuna jaribio jepesi la kuitofautisha na ubovu: birika la umeme huwashwa kwa dakika mbili, na ikiwa uzalishaji utapanda papo hapo, paneli ni nzima. Majira nayo yana mchango wake. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, paneli huelekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo, na kati ya katikati ya Oktoba na mwisho wa Februari jua la saa sita hupita upande wa kusini, kwa hiyo mavuno hupungua kidogo bila kosa la yeyote.

Betri husomwa kwa namna tofauti kulingana na aina yake. Betri ya risasi ya volti 12, iwe ya maji au ya jeli, ikipumzishwa saa kadhaa huonyesha takriban volti 12.7 ikiwa imejaa na volti 12.2 ikiwa nusu, na kushushwa chini ya nusu mara kwa mara huifupishia maisha. Zaidi ya hayo, hupokea chaji polepole inapokaribia kujaa, hivyo ziada ya paneli huanza kupotea mapema. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma huruhusu kutumika hadi asilimia 80 au zaidi, lakini volti zake hubadilika kidogo mno katikati ya safari, na anayeitathmini kwa volti hukisia tu. Kwake shanti ni ya lazima, nayo pia hukusanya makosa madogo ambayo hufutwa pale tu betri inapojaa kabisa na hesabu kuanza upya kutoka asilimia 100. Mfumo usiojaa kwa majuma mengi huonyesha asilimia zisizoaminika.

Mifumo midogo ya umemejua ya mkopo, iliyoenea baada ya kampuni kama M-KOPA kuanza biashara nchini Kenya mwaka 2012 kwa malipo ya M-Pesa, ilikuwa na ufuatiliaji tangu mwanzo, kwa kuwa kifaa chake huwasiliana na kampuni kwa mtandao wa simu. Kwa nyumba zenye gridi hesabu hubadilika, kwani ziada inaweza kuingizwa katika nyaya za shirika la umeme. Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 iliutambua utaratibu huo, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2024. Pasipokuwa na mkataba wa namna hiyo tahadhari inahitajika, kwa kuwa baadhi ya mita za malipo ya kabla, zilizoundwa kuzuia wizi, huhesabu umeme unaokwenda upande wowote kuwa ni matumizi, na mwenye paneli akajikuta analipia umeme aliougawa. Dawa yake ni inveta yenye klampu kwenye waya wa kuingilia, inayopunguza uzalishaji mara tu mkondo unapotaka kutoka.

Paneli za silikoni hupoteza wastani wa asilimia 0.5 ya uwezo wake kwa mwaka, na dhamana nyingi za utendaji hudumu miaka 25, ilhali betri, hasa ya risasi, huchoka miaka mingi kabla yake. Vipimo vinavyofaa kuhifadhiwa kwa ulinganisho ni vya mwaka wa kwanza, vikichukuliwa katika siku zisizo na wingu na wakati betri haijajaa, kwa sababu vilivyochukuliwa betri ikiwa imejaa havithibitishi lolote kuhusu paneli.