Subira Baina ya Vikao vya Silosibini: Kwa Nini Usugu wa Mwili Si Kipimo Tosha

Aliyewahi kutumia uyoga wenye silosibini chini ya mwongozaji, akatamani kurudia, huuliza kwanza angoje muda gani: wiki mbili, miezi mitatu, au mwaka? Mara nyingi hujibiwa kwa lugha ya kemia. Makala hii inadai kwamba kemia huweka kiwango cha chini tu. Uamuzi wenyewe hauna budi kutegemea sababu ya kurudi na kazi iliyofanyika tangu kikao kilichopita. Silosibini imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kwa hiyo mjadala huu unahusu utafiti ulioidhinishwa na maeneo machache yenye sheria ya kuruhusu.

Mwili hugeuza silosibini kuwa silosini, nayo huamsha vipokezi vya serotonini vya aina ya 5-HT2A katika ubongo. Athari hudumu saa nne hadi sita, lakini mwitikio wa vipokezi hufifia kwa siku kadhaa baadaye. Mwaka 1961, Harris Isbell na wenzake, wakifanya kazi Lexington, Kentucky, walionyesha kwamba usugu wa LSD hupunguza pia nguvu ya silosibini. Majaribio hayo yalifanywa kwa wafungwa waliokuwa na uraibu, jambo ambalo kamati ya maadili ya leo isingeliruhusu. Matokeo ya aina hii ndiyo yanayoipa nguvu kanuni inayosikika sana ya wiki moja au mbili. Hata hivyo, kanuni hiyo hueleza tu ni lini dozi ileile itafanya kazi tena. Kama kuna haja ya kuitumia ni suala jingine.

Wengine hukimbilia majaribio ya kitabibu. Katika utafiti wa Roland Griffiths wa mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, vikao vilitenganishwa kwa miezi miwili. Imperial College London, mwaka 2016, iliwapa wagonjwa wa sonona miligramu 10, kisha 25 baada ya siku saba. Mwaka 2021 ikatoa dozi mbili za miligramu 25 kwa tofauti ya wiki tatu. Huko New York, utafiti wa mwaka 2016 kwa wagonjwa wa saratani uliacha wiki saba. Tofauti hizi zina sababu zake. Dozi ndogo ya London ilikuwa ya kupima usalama kabla ya dozi kamili, na wiki saba za New York ziliwezesha kundi lililopewa silosibini kulinganishwa na lile lililoanza na kipozauongo kabla ya makundi kubadilishana. Hakuna kati ya majaribio haya lililobuniwa kupima muda upi wa kusubiri unafaa zaidi. Anayezinukuu wiki hizo kama ushauri wa kitabibu anachukulia ratiba ya utafiti kuwa ndiyo matokeo ya utafiti.

Mfano wenye mafunzo zaidi uko Oaxaca, Meksiko, kwa Wamazateki. María Sabina, mganga wa Huautla de Jiménez, aliendesha mikesha ya uyoga kwa sababu mtu alikuwa mgonjwa au familia ilikuwa na tatizo lililohitaji jibu. Mkesha uliitishwa na shida, nao uliambatana na miiko, ikiwamo kujizuia tendo la ndoa kwa siku kadhaa. Baada ya R. Gordon Wasson kuandika habari zake katika jarida la Life mwaka 1957, walimiminika wageni wasiokuwa na ugonjwa wowote, wakitafuta tukio lenyewe. Swali la muda huzuka kwa uzito wote pale haja inapotoweka: asiyejua kilichompeleka hana namna ya kujua kama amemaliza.

Pingamizi kubwa linatoka kwa wagonjwa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022, lenye washiriki 233 wenye sonona sugu, lilionyesha kwamba asilimia 37 ya waliopewa miligramu 25 walipata nafuu kubwa wiki ya tatu, lakini ni takriban asilimia 20 tu waliodumu nayo hadi wiki ya 12. Kumwambia mtu anayezama tena katika sonona asubiri mwaka ni ukatili. Nakubali. Lakini hapo daktari ana dalili za kupima, na rudio lina sababu inayoweza kuandikwa katika faili. Australia, ambako tangu Julai 2023 madaktari bingwa wa afya ya akili walioidhinishwa wanaweza kuiagiza dawa hii kwa sonona sugu, imefuata mkondo huo. Oregon ni tofauti: mteja mwenye miaka 21 au zaidi hahitaji kuwa na ugonjwa, na mwongozaji si lazima awe daktari. Dalili za kupima hazipo, ilhali kila kikao hulipiwa. Hapo ndipo subira inapohitaji kanuni.

Napendekeza kwamba kwa mtu mzima wa afya muda uhesabiwe kwa miezi, na anayetaka kuufupisha ndiye atoe hoja. Aeleze nini kimebadilika katika mwenendo wake, kipi kimebaki, na kwa nini mazungumzo ya kawaida hayatoshi kukishughulikia. Aidha, tarehe ya kurudi isipangwe katika siku zinazofuata kikao mara moja, kwa kuwa wengi huwa bado wamechangamka na kila wazo huonekana jema. Mwongozaji asiyeweza kusema “bado” kwa mteja mwenye fedha mkononi hajastahili kuongoza hata kikao cha kwanza.