Kidonda Kilichopimwa Homa Bay

Safiri kutoka Homa Bay hadi Migori mjini, kisha usonge mbele mpaka Kehancha. Hapo katikati umevuka mpaka ambao hauko kwenye ramani. Wajaluo wa zamani hawakutahiri. Utu uzima wao ulikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Wakuria hupeleka vijana wao jandoni kwa makundi.

Si tunajua vile wanasiasa wamecheza na tofauti hiyo. Mapema mwaka 2008, wakati wa vurugu za uchaguzi, wanaume Wajaluo walitahiriwa kwa nguvu Naivasha, wengine kwa panga. Tume ya Waki iliyaandika hayo. Halafu Novemba mwaka huo huo, serikali ikaanza kutoa tohara ya hiari Nyanza, kwa sababu majaribio ya Kisumu yaliyosimamishwa Desemba 2006 yalionyesha inapunguza hatari ya mwanaume kupata HIV kwa zaidi ya nusu. Hebu fikiria kuwashawishi watu wakubali kisu mwaka huo.

Ndiyo maana kilichofuata Homa Bay kina uzito. Hospitali ya wilaya ilijaribu Shang Ring, kifaa kilichobuniwa China: pete mbili za plastiki zinazobana ngozi, ile ya ziada inakatwa, hakuna kushona. Pete inakaa siku 7. Wanaume 40 walianza, wote kwa hiari. Baadaye ukaja utafiti wa wanaume 400, Homa Bay na Lusaka, kulinganisha pete na upasuaji wa kawaida.

Pete ilichukua dakika kama 7, upasuaji 20. Lakini kumbe kidonda cha pete kilichelewa kupona kwa siku kama tano, maana bila nyuzi nyama lazima ijijaze yenyewe. Siku tano si mchezo. Aliyetahiriwa huambiwa akae wiki sita bila ngono, kwa sababu kidonda kibichi ni mlango wa virusi.

Siku hizi maabara nyingi zinatengeneza jeli za maji zinazoua bakteria na kuacha kidonda kikiwa na unyevu. Poa sana. Ila jeli kuua vijidudu kwenye kisahani ni mwanzo tu. Homa Bay walihesabu siku mpaka ngozi ikafunga, kwa watu walioulizwa kwanza wakakubali. Ukikumbuka Naivasha, hilo la kuulizwa si jambo dogo.