Ukimya wa Ziwa Nyasa: Kutoka Mizinga ya Liuli hadi Ruta ya Kyela

Likizo iliyopita nilikuwa Kyela, katika ofisi ndogo ya wakulima wa kakao. Vijana wawili walikuwa wamegeuza kompyuta kuukuu kuwa ruta yenye ngome ya mtandao. Waliweka pfSense, programu huria isiyolipiwa, kisha wakachomeka kadi ya waifai ili wakulima wasome bei za mnada kwenye simu zao. Kompyuta zilizounganishwa kwa waya zilifanya kazi bila shida. Simu nazo ziliiona waifai na kuunganishwa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Mzee mmoja akahitimisha: "Mtandao hamna, mwalimu."

Kauli hiyo ina historia ndefu kwenye ziwa hili.

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Siku nne baadaye manowari HMS Astraea iliishambulia Dar es Salaam, ikiulenga mnara wa simu ya upepo, kama wazee walivyoiita telegrafu isiyo na waya. Wakati huo, mbali kusini-magharibi, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, bandari ambayo meli zitokazo Itungi, Kyela, zimekuwa zikitia nanga kwa miaka mingi. Tarehe 13 Agosti ikatokea meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaifyatulia mizinga. Nahodha Berndt, aliyefahamiana vyema na Rhoades, alipanda mtumbwi kwenda kulalamika. Hakujua kwamba kuna vita. Aliarifiwa hapo hapo kuwa yeye ni mateka.

Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho. Hakikuwa kichekesho kwa wakazi wa bonde la Songwe. Mapema Septemba majeshi ya Wajerumani yalivuka mto huo kuishambulia Karonga, na tarehe 9 Septemba yakashindwa. Katika miaka iliyofuata maelfu ya Waafrika walisombwa kuwa wapagazi wa vita ambavyo hakuna aliyewauliza kama wanavitaka. Waliokuwa na minara na waya waliamua. Wasiokuwa navyo walibeba mizigo.

Agosti ile inatuonyesha aina mbili za ukimya. Dar es Salaam, chombo chenyewe kililengwa. Liuli, habari ilikuwapo duniani kwa siku tisa, ila haikumfikia aliyeihitaji. Ruta ya Kyela ilinifundisha aina ya tatu.

Tuliikagua hatua kwa hatua, tukianzia karibu. Je, mfumo unaitambua kadi? Unaitambua. Je, kadi inaweza kurusha mawimbi yenyewe, badala ya kupokea tu? Si kila kadi inaweza, hii iliweza. Je, simu zinapewa anwani? Zinapewa. Ndipo tulipofungua orodha ya kanuni za ngome. Upande wa waya ulikuwa na kanuni ya kuruhusu, iliyowekwa tangu programu iliposimikwa. Upande wa waifai ulikuwa mtupu. Katika pfSense, upande mpya usioandikiwa kanuni hukataliwa kila kitu. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Hakuna aliyekuwa ameandika kwamba wakulima waruhusiwe.

Vijana waliandika kanuni mbili: ya kwanza ilizuia waifai kuzifikia kompyuta za hesabu za ofisi, ya pili iliruhusu safari ya kwenda intaneti. Ngome ilibaki imara, na mzee akaisoma bei kwenye simu yake. "Ndaga fijo," akasema.

Ndugu msomaji, ofisi zetu za umma zimejaa ukimya wa aina hii ya tatu. Taarifa ipo, chombo kipo, mtumishi yupo, lakini mwananchi hapati jibu kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba anaruhusiwa kulipata. Wakati mwingine kanuni huandikwa kwa makusudi ili kuzuia: Oktoba 2020, wakati wa Uchaguzi Mkuu, Watanzania wengi walishindwa kuifikia baadhi ya mitandao ya kijamii. Kwa aliyeshika simu, hali zote hizi hufanana. Zote huitwa "mtandao hamna".

Ndiyo maana ninawasihi wanafunzi wangu wasiikubali kauli hiyo kabla ya kuikagua. Kadi iliyokufa huhitaji fundi. Habari iliyoishia njiani huhitaji njia. Kanuni huhitaji kumuuliza aliyeiandika, au aliyeacha kuiandika, atoe sababu. Raia asiyeweza kuzitofautisha hali hizi atakuwa kama Nahodha Berndt: atapiga makasia kwenda kulalamika, na akifika ataambiwa kwamba mambo yalikwisha kuamuliwa siku tisa zilizopita.