Mwaka wa Seva Mbili

Barua iliyoniita kwenye usaili wa ufadhili ilifika kwa wakati, kwa anwani sahihi, na jina langu lilikuwa limeandikwa bila kosa. Niliisoma siku kumi na tisa baadaye. Usaili ulikuwa umeshapita, nafasi alishapewa mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimeshampigia mama simu kumwambia kwamba hawakuniita, kwa hiyo ile hela ya ada tuitafute kwingine.

Chuo sitakitaja. Miezi ile kilikuwa kinahamisha barua pepe zake kutoka seva ya zamani kwenda mpya, na kwa kuwa huwezi kuhamisha maelfu ya watu kwa usiku mmoja, seva zote mbili zilikuwa zinafanya kazi kwa pamoja. Wanafunzi tulihamishwa kwanza, kundi baada ya kundi. Ofisi zilifuata baadaye, kila moja kwa zamu yake. Ofisi iliyonitumia barua ilikuwa haijahama bado. Mimi nilikuwa nimehama.

"Barua haijapotea, mdogo wangu," fundi wa TEHAMA aliniambia nilipokwenda kulalamika. "Imefika. Ila imefika kule kwenye ya zamani."

Akageuza kioo cha kompyuta nione. Kulikuwa na mstari mmoja wa kumbukumbu za seva: tarehe, saa, anwani yangu, na mwishoni namba 250. Nilimuuliza hiyo 250 ni nini. Akasema ndiyo namna seva inavyosema, "Sawa, nimepokea."

Kilichotokea ni chepesi kueleza. Kwa miaka mingi seva ya zamani ilijua kwamba kila anwani inayoishia na jina la chuo ni ya kwake. Karani wa ofisi ile alipobonyeza kutuma, seva haikuuliza mtu. Ilitazama kwenye orodha yake yenyewe, ikalikuta jina langu kwa sababu hakuna aliyelifuta, ikaiweka barua kwenye kisanduku changu cha zamani ambacho sikuwa nakifungua tena. Barua ya kutoka Nairobi au London ingenifikia bila shida, maana ulimwengu wa nje ulishaambiwa pa kupeleka. Iliyokwama ni ile iliyotoka jengo la jirani.

"Hii shida ni ya siku nyingi," fundi akasema, kama mtu anayezungumzia mvua za masika. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Ukiniambia jambo ni la siku nyingi, nitataka kujua ni siku ngapi.

Nilianzia mwanzo kabisa. Mwaka 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Alama ya @ kati ya jina la mtu na jina la mashine aliichagua yeye. Kompyuta zake mbili zilikuwa chumba kimoja, moja pembeni ya nyingine, na njia pekee iliyoziunganisha ilikuwa mtandao wenyewe. Sisi tunaotumiana ujumbe tukiwa tumekaa kochi moja hatujavumbua chochote.

Mtandao ule ulikuwa na kanuni zake za mazungumzo kati ya mashine na mashine, itifaki iliyoitwa NCP. Barua pepe zilisafiri juu yake, kwa muda mrefu zikiwa abiria tu ndani ya itifaki ya kuhamisha mafaili. NCP ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: iliutegemea mtandao wa chini yake uwe wa kuaminika, pakiti zisipotee njiani. Ndani ya ARPANET hilo liliwezekana. Lakini watafiti walikuwa wameanza kujenga mitandao mingine ya redio na ya setilaiti, ambako kupotea kwa pakiti ni jambo la kila dakika. Mwaka 1974 Vint Cerf na Robert Kahn walichapisha pendekezo la kanuni mpya, ambazo baadaye tulizijua kama TCP/IP. Ndani yake, kazi ya kuhakikisha kila kitu kimefika ilibebwa na kompyuta zilizo kwenye miisho miwili ya safari.

Kukubali kwamba mpya ni bora hakukuwa na ugumu. Ugumu ulikuwa kwenye kuhama. ARPANET ilikuwa na mamia ya mashine za aina mbalimbali, kila aina na mfumo wake: TENEX, TOPS-20, Multics, Unix. Programu ya TCP ilipaswa kuandikwa upya kwa kila mfumo, na aliyeandikia Multics hakumsaidia wa Unix. Na katika kazi zote za mtandao, barua pepe ndiyo ambayo watu wasingekubali ikatike.

Septemba 1980, Vint Cerf na Jon Postel walitoa waraka uliohusu uhamisho wa barua pekee, RFC 771. Novemba 1981 Postel akatoa mpango wa jumla, RFC 801. Postel alikuwa mtafiti wa Information Sciences Institute huko California, na ndiye aliyekuwa mhariri wa nyaraka hizo za RFC. Nimeusoma mpango wake mara kadhaa, na kila mara nashangaa jinsi ulivyo wa kawaida. Umeandikwa kama ratiba ya msiba: nani aje lini, nani abebe nini.

Mwaka mzima wa 1982, ulisema, mtandao utakuwa na mashine za aina tatu. Zipo zitakazoongea NCP tu, zipo za TCP tu, na zipo zitakazoongea zote mbili. Ya kwanza na ya pili haziwezi kusikilizana hata kidogo. Kwa hiyo mashine chache za aina ya tatu zingeteuliwa kuwa wapokezanaji. Mtu aliye kwenye mashine ya zamani akitaka kumwandikia mtu aliye kwenye mashine mpya, barua yake ingekwenda kwanza kwa mpokezanaji kwa njia ya zamani. Mpokezanaji angeipokea, angeishika, kisha angeisukuma mbele kwa njia mpya. Kwa upande huo mpya barua zilikuwa zinaandaliwa itifaki yao wenyewe, SMTP, ambayo Postel aliitoa katika sura iliyodumu Agosti 1982. Barua pepe uliyotuma leo asubuhi imebebwa na mzao wake.

Mpango ulikadiria kwamba mzigo wa wapokezanaji ungekuwa mdogo mwanzoni, ungepanda kiasi, lakini usingekuwa sehemu kubwa ya mawasiliano yote, kwa sababu mashine nyingi za zamani zingejifunza lugha mpya bila kuacha ile ya kwanza. Tarehe 1 Januari 1983 NCP ingezimwa.

Hapo kwenye mashine zenye lugha mbili ndipo mimi naona shida ya mpango wote. Mashine inayoongea lugha zote mbili haina sababu ya kuiacha yoyote. Na msimamizi wa mashine ya NCP tupu, ambaye barua zake zinafika vizuri kupitia mpokezanaji, anahama kwa ajili gani? Ana kazi nyingine. Ana bosi anayetaka matokeo ya utafiti. Daraja lililojengwa ili watu wavuke linaweza pia kuwafanya wakae ng'ambo waliyoizoea bila kukosa kitu.

Vint Cerf amesimulia walivyolitatua. Katikati ya 1982 waliiziba NCP kwenye mtandao kwa siku nzima. Mashine zilizobeba pakiti za ARPANET ziliweza kuagizwa zisipitishe mazungumzo ya NCP, na zikaagizwa hivyo. Ambaye hajahama akajikuta gizani. Kulikuwa na kelele. Baadaye mwaka huohuo, kwenye majira ya vuli, wakaiziba tena, safari hii siku mbili. Sina hakika kama ningependa kuwa mtumiaji siku hizo, lakini siwezi kuwalaumu. Tangazo walishalitoa mwaka mzima kabla, na bado wapo walioamini kwamba siku yenyewe haitafika.

Ilipofika, watu walivaa beji zenye maandishi ya Kiingereza yaliyomaanisha kwamba wameunusurika uhamisho wa TCP. Siku hizi tarehe 1 Januari 1983 hutajwa kama siku ya kuzaliwa kwa Intaneti, na kila Januari mtu mmoja hukumbusha mtandaoni. Nina mashaka na siku za kuzaliwa za namna hiyo. Ushahidi wangu ni kazi ya David Smallberg, ambaye kuanzia Desemba 1982 aliendesha programu iliyozipigia hodi mashine zote kwenye orodha ya mtandao na kuandika ipi imeitika. Ripoti yake ya kwanza, RFC 832, ina kichwa kinachouliza nani anaongea TCP. Kwa kila mashine alijaribu milango mitatu, na mmoja wapo ulikuwa wa barua. Alirudia karibu kila wiki. Krismasi ikapita, tarehe 1 Januari ikapita, na ripoti zikaendelea hadi Februari 1983, maana swali lilikuwa bado halijaisha. Kwa mujibu wa karatasi hizo mtandao haukuhama siku moja. Ulihama mashine baada ya mashine, na nyingine zilichelewa.

Jambo moja lilibaki bila ufumbuzi. Anwani ya barua ilikuwa bado imefungwa kwenye jina la mashine. Majina yote yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa SRI huko Menlo Park na ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler, na kila mashine ilichukua nakala yake. Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ya vikoa mwishoni mwa 1983, na Januari 1986 Craig Partridge akaeleza katika RFC 974 jinsi barua zitakavyoutumia. Kilichoandikwa baada ya @ hakikulazimika tena kuwa mashine. Kingeweza kuwa jina la taasisi tu, na pembeni yake orodha, iitwayo MX, ya seva zinazopokea kwa niaba yake, kila moja na namba yake. Yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza.

Hiyo orodha ndiyo inayowezesha uhamisho wa kimyakimya tunaoufanya leo. Fundi wetu aliyafanya yote yanayopaswa. Siku kadhaa kabla alipunguza muda ambao seva za nje zinaruhusiwa kukumbuka jibu la zamani, kutoka sekunde 86,400, yaani siku nzima, hadi sekunde 300. Kisha akaigeuza orodha ielekeze kwenye seva mpya. Ndani ya dakika chache dunia ikajua.

Lakini orodha ya MX huulizwa na anayetaka kupeleka barua kwingine. Seva ya zamani haikuwa na sababu ya kuiuliza, maana kwa ufahamu wake barua yangu ilikuwa imeshafika nyumbani. Ilihitaji mtu aiambie kwamba fulani hakai tena hapa, jina baada ya jina, kadiri kila kundi lilivyohama. Katika kundi letu kuna majina yaliyorukwa. Fundi alisema kumi na moja. Alinitajia namba hiyo bila mimi kumuuliza, na nilimheshimu kwa hilo. Wale kumi wengine sijui walikosa nini. Labda tangazo la mechi tu.

Oktoba 1989 ilitoka RFC 1123, iliyohaririwa na Robert Braden, kuweka wazi wajibu ambao itifaki za mwanzo hazikuueleza vizuri. Inasema kwamba seva ikijibu 250 imebeba jukumu la kuifikisha barua au kuipeleka mbele, na inapaswa kulichukua jukumu hilo kwa uzito, isiipoteze kwa sababu za kipuuzi. Nilimsomea fundi sehemu hiyo kwenye simu yangu, nikidhani nimemkamata.

"Sasa hapo seva imekosea wapi?" akauliza. "Imepokea, imefikisha. Aliyekosea ni mimi."

Alilifuta jina langu na yale mengine kumi, kisha akaiamuru seva ya zamani isiweke chochote kwa ajili yetu, yote iyasukume mbele. Barua zangu zilizokuwa zimekaa huko zilinifikia mchana ule kwa mkupuo, thelathini na kitu, ile ya usaili ikiwa katikati ya tangazo la kukatika maji hosteli na kumbusho la kurudisha vitabu maktaba. Ufadhili niliomba tena mwaka uliofuata.

Ofisi zote zilimaliza kuhama kabla ya likizo. Nilipopita mara ya mwisho, miezi sita baadaye, seva ya zamani ilikuwa bado inawaka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kuna skana moja ofisi ya uhasibu inayotuma nyaraka kwa barua pepe, anwani ya seva iliwekwa ndani yake na mtu aliyeshaacha kazi, na nywila ya kuibadilisha hakuna anayeijua.