Abayudaya wa Mbale: shukrani inayoanzia shambani

Sabato si neno geni kwa wasikilizaji wetu wa Tarime na Serengeti. Waadventista wamekuwapo mkoani Mara kwa zaidi ya miaka 100, na siku ya Jumamosi jembe la jirani yako Msabato hupumzika. Lakini wengi hawajui kwamba ukivuka Sirari, ukapita Migori, Kisumu na Busia hadi Mbale, mashariki mwa Uganda, utakuta wakulima weusi wanaoitunza siku hiyo kwa sababu wao ni Wayahudi. Katika makala haya tunaeleza wao ni akina nani, na kwa nini kilimo chao kinatuhusu.

Walikotokea

Wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, kiongozi wa kivita wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kutawala mashariki mwa Uganda, kisha akakosana nao. Mwaka 1919, baada ya kuisoma Biblia kwa makini, aliamua kufuata sheria za Musa na akatahiriwa pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928.

Idi Amin alipotawala, mwaka 1971 hadi 1979, alipiga marufuku ibada zao. Baadhi waliendelea kusali kwa siri, lakini wengi waliiacha imani hiyo, wakabaki mia kadhaa tu. Amin aliangushwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na ndipo ibada zikarudi hadharani. Leo kitovu chao ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale.

Shukrani ni kanuni

Katika dini ya Kiyahudi, kushukuru hakuachiwi moyo peke yake, kumewekewa utaratibu. Kumbukumbu la Torati 8:10 inaagiza mtu akishashiba amshukuru Mungu kwa ajili ya ardhi aliyopewa. Kwa hiyo Myahudi hubariki kabla ya kula, na baada ya kula mkate husoma sala ndefu ya shukrani.

Ardhi nayo imewekewa kanuni. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mkulima kuvuna hadi pembe za shamba. Masazo ni ya maskini na mgeni. Sura hiyo hiyo inakataza kula matunda ya mti mpya kwa miaka mitatu ya kwanza. Sura ya 25 inaagiza shamba lipumzike kila mwaka wa saba. Mwaka huo huitwa shemita. Wa karibuni ulianza Septemba 2021 ukaisha Septemba 2022. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa vita, na kutokana nayo marabi wamefundisha kwamba uharibifu wowote usio na sababu ni kosa.

Ni vyema ieleweke kwamba shemita inahusu nchi ya Israeli. Mkulima wa Mbale hafungwi nayo, ila Sabato na sala za chakula zinamhusu popote alipo.

Kahawa ya amani

Abayudaya wanaishi chini ya mlima Elgon, kwenye kahawa ya arabika kama ya nyanda za juu za Tarime. Mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, aliwapitia majirani zake Waislamu na Wakristo akawaomba wauze kahawa pamoja. Alikuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na aliyoyaona yalimsukuma kutafuta njia ya dini mbalimbali kuishi kwa amani. Ushirika wao uliitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, na uongozi ukagawanywa miongoni mwa dini zote tatu. Kahawa ilinunuliwa na kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California kwa utaratibu wa biashara ya haki, unaomlinda mkulima bei ya soko inapoanguka.

Bei hiyo inahusika moja kwa moja na utunzaji wa ardhi. Mkulima anayelanguliwa hana nafasi ya kuacha mti wa kivuli wala kuchimba kingamaji, kwa kuwa ada ya shule inamsubiri. Na Elgon haisamehe: Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifukia makazi huko Bududa, jirani na Mbale, na watu wengi wakafa.

Kwetu je?

Mwenye ekari moja Nyamwaga au Mugumu hawezi kuliacha shamba lote mwaka mzima. Watoto watakula nini? Lakini anaweza kupumzisha kipande kimoja kwa zamu, au kupanda maharage baada ya mahindi ili udongo urudishe nguvu. Anaweza pia kuuacha mti usimame kwenye mteremko.

Jambo gumu zaidi ni lile la Keki. Kwetu watu wamepigana na kuuana kwa sababu ya ukoo, mpaka wa shamba na ng'ombe. Majirani wa Mbale hawakuanza kwa kukubaliana juu ya imani. Walianza kwa kuweka kahawa yao kwenye mzani mmoja.