Bustani ya Uani: Historia ya Mapumziko ya Kiangazi Cabramatta

Jina la Cabramatta lilianza na chakula. Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, cabra katika lugha ya Wadarug ni funza mweupe atobozaye magogo yaliyozama majini, na matta ni ncha ya ardhi iliyojitokeza mtoni. Wenyeji walimla funza huyo, na ukoo uliokaa kandokando ya vijito hivyo uliitwa Cabrogal, watu wa cabra. Kabla ya Waingereza kutia nanga Sydney mwaka 1788, mahali hapa, kiasi cha kilomita 30 kusini-magharibi mwa bandari, palikwisha kutajwa kwa kile ambacho watu walikitoa mtoni wakakila pamoja. Kwa hiyo si kosa kuianza historia ya mtaa huu jikoni, kisha kutoka kwa mlango wa nyuma na kuingia uani.

Uani ndiko kiangazi kinakoonekana. Huko Australia majira ya joto ni Desemba hadi Februari, na mwisho wa juma familia nyingi za Cabramatta hukaa nyuma ya nyumba: wazee wakimwagilia mimea alfajiri, watu wazima wakikata viungo mezani kivulini, watoto wakichezea mpira wa maji. Mpita njia ataona starehe tu. Dai la makala haya ni kwamba starehe hiyo ina historia ya sheria, ya kazi na ya uhamiaji, na kwamba watu hawakuipata kwa njia moja.

Tuanze na sheria. Mapumziko ya siku mbili hayakushuka na majira. Waashi wa mawe wa Sydney na Melbourne walidai siku ya kazi ya saa nane katika miaka ya 1850, na ilichukua karibu karne nzima hadi juma la kazi la saa 40 lienee nchini tarehe 1 Januari 1948. Hapo ndipo Jumamosi ilipowaangukia wafanyakazi wengi mikononi ikiwa tupu. Nayo ilikutana na vitongoji vipya vyenye viwanja vipana, kila nyumba na ua wake. Bustani ya mboga, kamba ya nguo na meza ya chakula cha nje vikawa picha ya maisha mema ya Mwaustralia wa kawaida.

Lakini Mwaustralia huyo alichaguliwa kwa rangi. Sheria ya Kuzuia Uhamiaji ya mwaka 1901 ilimruhusu ofisa kumtahini mgeni kwa imla ya maneno 50 katika lugha ya Ulaya aliyoichagua ofisa mwenyewe. Imla hiyo ilifutwa mwaka 1958 tu. Hosteli ya wahamiaji iliyojengwa Cabramatta baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliwapokea Wazungu. Ni ajabu ya historia kwamba mtu ambaye serikali yake ilifukia mabaki ya sera hiyo mwaka 1973, Gough Whitlam, aliishi Cabramatta kwenyewe, katika barabara ya Albert, alikohamia mwaka 1957. Hata hivyo, Saigon ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975, serikali yake iliwapokea wakimbizi wachache mno. Aprili 1976 mashua ndogo yenye vijana watano ilifika Darwin ikitokea Vietnam, na chini ya Malcolm Fraser milango ikafunguliwa kwa maelfu. Wengi walipitia hosteli za Cabramatta na Villawood, wakapanga au kununua nyumba za jirani. Kwa namna hiyo walirithi ule ua wa mwaka 1948.

Waliurithi, lakini hawakuirithi Jumamosi. Katika miaka ya 1980 na 1990 wanawake wengi wa Kivietinamu wa kusini-magharibi mwa Sydney walishona nguo nyumbani na kulipwa kwa kipande, cherehani zikiwa gereji au sebuleni. Kazi ya namna hiyo haina saa 40, wala haijui Jumapili. Kwa watu kama hao, bustani ilikuwa mahali pa kunyoosha mgongo kati ya shati na shati. Tena ilikuwa riziki, kwa sababu majani waliyoyahitaji hayakupatikana madukani. Mlo wa Kivietinamu haukamiliki bila sahani ya majani mabichi mezani: nanaa, tía tô lenye rangi ya zambarau, rau răm lenye ukali wa pilipili manga. Sheria ya Karantini ya mwaka 1908 ilizuia mbegu na vipandikizi kuingizwa nchini kiholela. Kila shina lililopatikana likawa mali ya ujirani, likikatwa na kupitishwa juu ya uzio.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusogea karibu. Akiingia katika bustani hizo atakuta mimea anayoifahamu kwa majina: mchaichai, karela iliyopandishwa kwenye chanja, majimbi, mpilipili, mgomba ukutani. Atakuta pia rau muống, mboga ya majimaji ambayo ni ndugu wa karibu wa matembele, kwa kuwa mimea yote miwili ni ya jenasi moja. Kufanana huku kuna mizizi mirefu. Mgomba na mjimbi vilifika Afrika Mashariki kutoka pande za Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 2016 wanaakiolojia walichapisha uchambuzi wa mabaki ya mimea yaliyochimbuliwa Komoro na Madagaska, wakaonyesha kwamba kati ya karne ya 8 na ya 10 wakazi wa huko walikula mpunga na choroko za Asia, wakati watu wa mwambao wa bara walitegemea zaidi mtama na uwele. Muhogo, viazi vitamu na pilipili vilitoka Amerika, vikaenea pwani yetu na Vietnam pia kupitia biashara ya bahari iliyofuata safari za Wareno. Kwa hiyo Mswahili na Mvietinamu wanapokutana Sydney, vyakula vyao vilikwisha kukutana mara mbili kabla yao.

Wazungumzaji wa Kiswahili waliofika magharibi mwa Sydney tangu miaka ya 1990 na 2000 ni pamoja na Wakongo na Warundi, wengi wao wakipitia kambi kama Kakuma na Nyarugusu. Aliyekulia kambini anaijua bustani ya mchicha iliyobanwa kando ya kibanda, iliyopandwa ili mgao wa unga na maharage uwe mlo wa binadamu. Watu hao huenda Cabramatta kununua muhogo, ndizi mbichi, bamia na samaki wakavu. Jumapili moja ya Januari mama mmoja kutoka Uvira alinikaribisha chakula, akatoka uani kuchuma majani ya viazi vitamu. Mashina ya kwanza alipewa na bibi wa Kivietinamu wa nyumba ya pili. “Mwalimu,” aliniambia, “ule bibi hajue hata salamu yetu, lakini matembele anayajua muzuri.” Sijui ushahidi wa ujirani ulio mfupi na kamili kuliko huo.

Kumbukumbu rasmi za Cabramatta husema mengine. Atakayetafuta habari za mtaa huu katika magazeti ya miaka ya 1990 atakutana na heroini, magenge, na mauaji ya mbunge John Newman ya Septemba 1994. Kisha ataisoma ripoti ya mwaka 2001 ya kamati ya bunge la jimbo kuhusu ulinzi wa polisi. Mambo hayo yalitokea, na waliofiwa wapo. Lakini katika miaka hiyohiyo maelfu ya watu walikuwa wakimwagilia mimea alfajiri, na hakuna kamati iliyoandika. Kinachotisha huacha karatasi nyingi, na kinacholisha huacha chache. Tusipolisahihisha jambo hilo kwa makusudi, mtaa mzima utabaki katika historia kama eneo la uhalifu.

Nao muda si mrefu. Tangu mwaka 2009 kanuni za mipango za New South Wales zimerahisisha ujenzi wa nyumba ndogo ya pili, isiyozidi mita za mraba 60, nyuma ya nyumba kubwa. Siwezi kuilaumu familia inayojenga: katika mji ambao kodi humeza mshahara, chumba cha wazazi wazee au cha mpangaji ni haki pia. Hata hivyo kila msingi wa zege humaliza bustani moja. Joto nalo linazidi. Tarehe 4 Januari 2020 kipimo cha Penrith, katika uwanda huohuo wa magharibi mwa Sydney, kilifika nyuzi 48.9, na bustani ilipata maji kwa saa zilizowekwa na masharti ya ukame. Chanja la karela, ambalo zamani lilikuwa la mboga, sasa ni kivuli kinachowawezesha wazee kukaa nje.

Kiswahili hutumia neno ua kwa kiwanja kilichozungushiwa uzio na pia kwa kile kinachochanua mtini. Katika nyumba zetu za mwambao, barazani ndiko wanaume walikopokea wageni, na tumeandika sana juu ya baraza. Uani kwa wanawake tumepaandika kidogo. Cabramatta inatukumbusha deni hilo. Wasomi wetu wa ughaibuni wana vinasa sauti katika simu zao, na Idhaa ya Kiswahili ya SBS ina masikio ya jamii. Kazi inayohitajika kiangazi hiki ni ndogo: keti na mzee uani, uliza jina la kila mmea katika lugha yake na yako, uliza nani alimpa shina la kwanza na mwaka gani, andika. Majibu hayo ni nyaraka, na wanaoyahifadhi kichwani wana umri mkubwa.