Karani, Bunduki Kuukuu na Daftari la Duka

Leo twende Marekani, katika duka linunualo bunduki zilizokwisha tumika. Mjane anaingia, amechukua bunduki ya marehemu mumewe, kaiviringisha katika blanketi. Wewe ndiwe karani. Utafanya nini?

Kwanza msalimu. Kisha utazame mtutu. Desturi ya baadhi ya maduka hayo ni kwamba mwuzaji aiache bunduki katika motokaa, aingie mikono mitupu, aseme amekuja kuuza nini. Mama huyu hakuijua desturi hiyo, usimkaripie. Mwombe ailaze juu ya meza, mtutu uelekee pasipo mtu, halafu uifungue mwenyewe utazame kama mna risasi. Hata akiapa kuwa ni tupu, tazama. Marehemu hakumwambia mkewe kila kitu. Wala usiicheke kutu yake, na usimpunje kwa sababu haijui bei.

Sasa tuje kwenye daftari. Sheria ya mwaka 1938 iliwataka wauza bunduki wawe na leseni, ada yake dola 1 tu. Lakini mtu aliweza kuagiza bunduki kwa posta. Machi 1963 Lee Harvey Oswald alipeleka dola 21 na senti 45 kwa duka moja la Chicago, akaletewa bunduki kuukuu ya jeshi la Italia, namba C2766. Tarehe 22 Novemba mwaka ule Rais John Kennedy aliuawa mjini Dallas. Makachero waliisoma namba ile, na kabla ya mapambazuko karatasi za duka zilikwisha onekana. Jina lilikuwa la uongo, lakini mwandiko na sanduku la posta vilikuwa vya Oswald.

Mwaka 1968 waliuawa Martin Luther King, mwezi wa Aprili, na Robert Kennedy, mwezi wa Juni. Tarehe 22 Oktoba Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria mpya. Tangu hapo kila bunduki mpya hupigwa namba, na karani anunuapo bunduki huandika tarehe, jina na makao ya mwuzaji, jina la kiwanda, aina ya bunduki na namba yake. Ikiwa namba imekwanguliwa, usinunue.

Wauzaji wengine huona uchungu: "Kwani mimi mwizi?" Jibu la adabu ni kwamba kila mtu huulizwa vivyo hivyo, tajiri kwa maskini. Kisha uandike polepole. Ninyi mliojifunza tarakimu juzi mnajua jinsi 1 inavyofanana na 7. Mstari mmoja ukikosewa, polisi watabisha hodi kwa mtu asiyehusika.

Duka likifungwa kabisa, madaftari hayachomwi. Hupelekwa katika ofisi ya serikali huko Martinsburg, West Virginia, na jina la mjane wetu limo ndani.